Tawi la Mkunazi Kwenye Kabati la Vielelezo

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo Kidogo cha Polisi Mtoni, Wilaya ya Kibiti

Jina: Mwanahalima Mshamu Haidari
Umri: Miaka 46
Kabila: Mndengereko
Dini: Mwislamu
Kazi: Mkulima wa mpunga na mkaushaji wa kamba
Makazi: Kitongoji cha Kwa Wapagazi, Kata ya Salale
Kosa linalochunguzwa: Unyang'anyi wa tawi moja la mti
Tarehe: 12/07/2025, kuanzia saa 7:40 mchana
Anayeandika: Koplo Gama

Mimi niliyetajwa hapo juu naeleza kwa hiari yangu, ingawa kuja hapa sikuja kwa hiari, nililetwa. Nimeonywa niseme kweli tupu. Kweli ninayo tele, ila tangu jana sijapata wa kuisikiliza mpaka mwisho. Kila nikianza naambiwa, "Mama, jibu swali." Sasa nimeambiwa nianze mwanzo, basi naanza mwanzo, na ninaomba Koplo aandike kama ninavyosema.

Mtuhumiwa, Bi Sikudhani Zaidi, ni mdogo wake mama yangu mzazi. Ana miaka sabini na moja, ana presha, na goti lake la kushoto halikunji. Jana mchana askari wawili waliokuwa wakisindikiza wageni walimpakia kwenye boti wakasema ni mnyang'anyi. Nguvu za kumnyang'anya mtu angezitoa wapi, mimi sijui. Hata mbuzi wake hufungwa na jirani.

Mnamo tarehe 10/07/2025, siku ya Alhamisi, saa 9:00 alasiri, wageni watatu waliingia kitongojini kwetu kwa boti wakitokea Nyamisati. Walipangiwa kufika asubuhi, lakini ratiba yao iliandikwa Dar es Salaam na mtu asiyejua kwamba maji hupwa. Wakakaa kwenye matope katikati ya mikoko, wamejifunika mataulo kichwani, mpaka maji yalipojaa tena.

Wa kwanza ni Kaburu, Bwana Kunradi, na Koplo asinikatize, yeye mwenyewe ndivyo alivyojitambulisha, kwamba ni kizazi cha Makaburu. Wa pili ni Mwingereza, Bwana Edmundi. Wa tatu ni Mzulu, mtu mzima mwenye mvi kidevuni, jina lake Bhekani. Wote wanatoka Afrika Kusini. Walikuwa na mkalimani wao, Mudrick, wa Dar es Salaam.

Mwenyekiti wetu wa kitongoji, Bwana Muhidini, alitukusanya akatuambia wageni wamekuja kuadhimisha miaka mia moja na kumi tangu Mwingereza alipoizamisha meli ya Mdachi, yaani Mjerumani, huku deltani. Bwana Edmundi akasimama akaeleza. Alisema wao wamestaafu, na kazi yao sasa ni kuzunguka wakiadhimisha vita vya babu zao. Vita vya Mwingereza na Mzulu vina siku yake. Vita vya Kaburu na Mzulu vina siku yake. Vita vya Mwingereza na Kaburu, hivyo siku zake ni nyingi, mwaka mzima haziishi. Kisha babu zao hao hao, baada ya kuuana kwao, wakapatana, wakaja pamoja huku kwetu kupigana na Mdachi. Mama mmoja nyuma yangu aliuliza kama hawa watu hawana mashamba.

Mudrick akaongeza kwamba njia nzima Mwingereza na Kaburu walikuwa wakitukanana ndani ya boti, nani alimpiga nani na nani alikimbia, huku wakicheka. Bi Sikudhani aliposikia hivyo akapiga paja lake. Alisema, "Kumbe hawa ni watani! Si wangesema tangu mwanzo?"

Koplo anajua utani ni nini, lakini karatasi hii itasomwa na wakubwa waliosahau kwao, kwa hiyo naeleza. Watu waliopigana zamani, vita vikiisha, wanakuwa watani. Mtani wako anakutukana na hukasiriki. Ukifiwa, mtani anaingia msibani pako anafanya atakalo. Anaficha sufuria, anajilaza kwenye jeneza, anakaa mlangoni anasema maiti hatoki. Wewe unamjibu, unambembeleza, mnacheka, halafu anapisha. Sisi Wandengereko watani wetu ni wengi, na Wangoni wamo. Vita vyetu hatuviwekei siku ya kuvaa kofia na kupiga picha. Tunavikumbuka kwenye kila msiba.

Bi Sikudhani akauliza, "Na huyu Mzulu ni nani?" Mudrick akajibu kwamba asili ya Wangoni ni huko kwa Wazulu, walitoka huko zamani wakapanda juu. Hapo mama mdogo akainuka na goti lake. Alisema, "Basi mtani wangu kaja mwenyewe! Karibu, mla panya!" Ndivyo tunavyowatania Wangoni. Mudrick alitafsiri kwa woga. Bwana Bhekani alicheka mpaka akavua miwani. Akajibu kwamba bibi huyo ana meno machache mno ya kumchekea mtu. Sote tulicheka. Naomba hili liandikwe vizuri: siku ya Alhamisi alitaniwa, na alijibu.

Jioni ile Bwana Bhekani na Mudrick walikuja nyumbani kwangu. Bwana Bhekani aliuliza kama huku kuna mti wenye miiba miwili miwili, mmoja umenyooka na mmoja umejipinda, akauchora chini kwa kidole. Nikamwambia huo ni mkunazi, uko nyuma ya jiko langu. Alipouona aliushika shina.

Kisha akanieleza, Mudrick akitafsiri. Babu wa baba yake aliletwa huku na jeshi la Mwingereza na Makaburu, si kama askari, bali kama mpagazi. Alikufa kwa homa, mwaka wa mvua kubwa, na kwao hawakuletewa hata nguo yake. Sisi hapo mahali panaitwa Kwa Wapagazi kwa sababu hiyo. Ukilima upande wa magharibi unakutana na mifupa, unaifukia, unasoma Fatiha, unasogea. Wenzake wameleta kibao cha chuma chenye majina ya wazungu wao. Babu yake hayumo. Bwana Bhekani mwenyewe hakuja kwa ajili ya meli. Alijiunga na safari yao kwa kuwa hakuwa na njia nyingine ya kufika.

Alisema kwao mtu akifia mbali, roho yake inabaki inazubaa pale pale mpaka ndugu aje kuichukua. Anakata tawi la mti huo, anakwenda pale alipofia mtu, anamwita kwa jina, anamwambia twende. Kuanzia hapo marehemu yuko kwenye tawi. Na kuanzia hapo mwenye tawi hasemi na mtu yeyote, awe mzungu, awe polisi, mpaka amfikishe nyumbani. Anasema na tawi tu. Likivuka mto anaambiwa tunavuka mto. Likipanda gari linakatiwa nafasi yake, maana ni abiria. Mama yake Bwana Bhekani ni mzee sana, na amewaambia hataki kufa kabla babu huyo hajaingia nyumbani.

Nilimwelewa. Sisi pia maiti tunamwosha kwa majani ya mkunazi. Nikampa panga, akakata tawi moja.

Usiku haujaingia nilikwenda kwa Mwenyekiti. Nilimwambia mambo mawili. La kwanza, kesho kwenye boti ya kurudi wamwekee Bwana Bhekani kiti cha pembeni, kiwe wazi. La pili, awatangazie watu kwamba mgeni huyu akishamwita babu yake hatasema, watu wasimsemeshe. Alinijibu, "Kiti cha mtu asiyekuwepo? Pale nimepanga kreti ya soda." Na kuhusu tangazo alisema halimo kwenye ratiba, na ratiba imeshapita kwa wakubwa. Nikamwambia basi nitawaambia mwenyewe. Akasema, "Wewe Mwanahalima shughulika na pilau." Nikashughulika na pilau. Bi Sikudhani nilimfuata kwake nikakuta ameshafunga mlango, na mama mdogo akilala hata mafuriko hayamwamshi.

Mnamo tarehe 11/07/2025, siku ya Ijumaa, saa 4:00 asubuhi, waliweka shada la maua mahali ilipozamia meli. Meli yenyewe haipo, matope yameshaimeza, kwa hiyo shada lilielea, likazunguka, likaenda kukwama kwenye wavu wa mtu. Kaburu na Mwingereza wakabishana kidogo wimbo wa nani uanze. Mwenyekiti alikuwa anatazama saa kwa sababu ya swala ya Ijumaa. Yale ya Bwana Bhekani yalikuwa yamepangiwa robo saa ya mwisho, baada ya picha ya pamoja, kitongojini, upande ule wa mifupa.

Mimi nilikuwa jikoni, hatua chache kutoka hapo, na nilimsikia. Alipiga goti kwenye udongo akaita, "Mandlenkosi." Akaita tena. Sikuelewa mengine, ila nilielewa kwamba anaongea na mtu. Akina mama wote jikoni tuliacha kukoroga. Alipoinuka alikuwa amelikumbatia tawi kifuani, na uso umemlowa.

Sasa Bi Sikudhani yeye amefika amechelewa kwa sababu ya goti. Anachokiona ni nini? Anaona mtani wake aliyemjibu vizuri jana. Anaona analia. Anaona tawi la mkunazi. Akajua papo hapo kwamba mtani amefiwa. Mwanamke mzima wa Kindengereko amkute mtani msibani, ampite kimya kimya? Angekuwa amemtukana. Akajongea, akalishika tawi kwa upande mmoja, akakaa nalo chini katikati ya njia. Alisema, "Maiti huyu hatoki! Kakaa kwetu miaka yote hii, kala udongo wetu, leo mnamchukua bila kuniaga? Niombe, mla panya!"

Neno analolitaka pale ni moja tu na kila mtu huku analijua. Unasema, "Mtani, niachie mtu wangu." Anakutania kidogo, anaachia, basi. Lakini Bwana Bhekani hawezi kusema. Yeye katikati ya mila yake, mama mdogo katikati ya mila yake, tawi katikati yao. Kadiri alivyonyamaza ndivyo mama mdogo alivyozidi kulikamata, maana mtani asiyejibu ni mtani aliyekasirika, na ukimwachia amekasirika umevunja undugu.

Kaburu akapiga kelele akidhani mwenzake anaibiwa. Mwingereza akapiga picha. Mudrick, ambaye alikuwepo jioni ile nyumbani kwangu na alitafsiri kila neno kwa mdomo wake mwenyewe, alikuwa pembeni anaongea na simu. Mimi nilitoka jikoni mbio nikipiga kelele, "Mwacheni, hawezi kusema! Mama mdogo, hawezi kusema!" Nimesomewa maelezo ya askari kwamba nilikuwa nimeshika silaha. Ulikuwa mwiko. Una wali. Naomba isomeke mwiko.

Kabla sijafika, askari mmoja alishalivuta tawi, mwingine ameshamshika Bi Sikudhani mkono. Mwenyekiti akasema mbele ya wote, "Kitongoji kimeaibishwa." Hapo ndipo nilipomwambia yale maneno ambayo amekuja kuyalalamikia. Siyarudii, na siyafuti. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema. Huyu mwenyeji wetu alipona kwa soda tu.

Tangu hapo ni vituko. Bi Sikudhani ameambiwa aombe msamaha aachiwe. Hataki, na hawezi, kwa sababu mtani haombi msamaha, mtani huombwa. Bwana Bhekani ameambiwa atoe maelezo na alitambue tawi ili akabidhiwe. Hasemi. Mmempa karatasi aandike, ameisukuma, kwake kuandika ni kusema. Bwana Kunradi ndiye analalamika kwa niaba, na tawi si lake. Asiyetaka kesi hawezi kusema haitaki, na anayesema hana haki ya kuifuta. Na tawi lenyewe limefungwa kibandiko, limewekwa kwenye kabati la vielelezo pamoja na madumu ya gongo. Nimeliona kwa macho yangu mlango ulipofunguliwa. Mtu amekaa kwenye udongo wa watu zaidi ya miaka mia akimsubiri ndugu yake, ndugu amefika, hatua ya kwanza ya kwenda kwao mmemtia mahabusu.

Ndege yao inaondoka kesho alfajiri. Gari linaondoka hapa leo saa 10:00 jioni. Bwana Bhekani yuko kwenye benchi hapo nje tangu jana, ananitazama mimi, kwa sababu anajua ninajua. Wenzake wamemwambia watamtumia tawi kwa posta. Nusura nirushe kiatu.

Leo asubuhi niliruhusiwa kumpelekea Bi Sikudhani uji. Nilimweleza kwa nini mtani wake hakumjibu. Akaliweka bakuli chini. Alisema, "Mwanahalima, basi nimemzuia maiti njiani, na hakuna wa kunijibu nimwachie." Akalia. Hakulilia mahabusu, wala goti. Alisema hata mkimpa yule bwana tawi lake kwa nguvu ya serikali, yeye mkono wake bado haujaachia, na babu wa watu atafika kwao nusu.

Koplo ameniuliza sasa mimi nataka nini. Nitamwambia.

Mwaka alipofariki mume wangu, mtani wetu Mngoni kutoka Ikwiriri alikaa mlangoni akasema maiti hatoki mpaka apewe kiti cha uvivu alichokuwa akilalia marehemu. Mimi nilikuwa ndani, sikuwa na sauti. Tangu alipokata roho nilikuwa sijatoa hata pumzi iliyokamilika. Sikumjibu mtani. Mfiwa hasemi, Koplo, mfiwa ana haki ya kutosema. Shemeji yangu ndiye aliyetoka akasema, "Mtani, tuachie mtu wetu." Mngoni akamjibu upuuzi fulani kuhusu kile kiti, watu wakacheka, na mimi kule ndani nikacheka, halafu nikaweza kulia. Kwa hiyo neno la kumwomba mtani si lazima litoke kwa mfiwa. Linatoka kwa ndugu yeyote wa upande wake.

Bwana Bhekani hapa Kibiti hana ndugu. Ila wewe, Koplo, ni Gama wa Namtumbo, Mngoni halisi. Tangu saa saba umekuwa ukiniuliza kama Wandengereko tunajua kusoma, na mimi nimekuuliza kama umekula panya leo, na hakuna aliyemfungulia mwenzake kesi. Kama Mzulu ndiye asili ya Mngoni, basi huyo aliye kabatini ni babu yako kabla hajawa kielelezo. Umemweka na gongo. Inuka, mtoe, nenda naye pale kwenye nondo za mahabusu, sema maneno matatu manne. Huhitaji kibali cha mkoa.

Nimemaliza. Nimesomewa yote niliyosema, nimeyakubali, isipokuwa pale palipoandikwa silaha, ambapo nimeona pamekatwa na kuandikwa mwiko. Naweka sahihi yangu nikiwa na akili zangu timamu na uchovu wangu wote.

Sahihi: M. M. Haidari

TAARIFA YA MWANDISHI

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Koplo Gama, shahidi akiyasema mwenyewe. Lugha yake kuhusu Mwenyekiti nimeipunguza.

Saa 9:35 alasiri nilitoa kielelezo kabatini, nikaondoa kibandiko, nikakifuta vumbi. Nilikwenda nacho mlango wa mahabusu, Bwana Bhekani akiwa nyuma yangu. Nilisema, "Mtani, niachie mtu wangu." Mtuhumiwa alinijibu kwa tusi linalohusu ukoo wangu na panya, ambalo siliandiki. Alipitisha mkono kwenye nondo akaligusa tawi, akasema, "Mchukue. Alikaa vizuri, hakutusumbua." Alicheka, kisha akalia, na shahidi naye vilevile.

Bwana Bhekani alilipokea kwa mikono miwili. Hakusema na yeyote kati yetu. Alilisemesha tawi kwa lugha yake, na neno moja nililielewa bila mkalimani, kwa kuwa bibi yangu hulitamka karibu hivyo hivyo akituita jioni: kaya, yaani nyumbani.

Mtuhumiwa ameachiwa. Bwana Kunradi alipoelezwa jambo lenyewe alivua kofia, akaondoa malalamiko yake, na akafungua mlango wa gari kwa mkono wake. Gari liliondoka saa 10:00 jioni. Kiti kilichofuatana na cha Bwana Bhekani kilibaki wazi. Mwenyekiti, aliyekuwa ameomba lifti hadi Kibiti mjini, alipakata kreti ya soda.